Rangi ya Tano ya Mukivumu

Kibondo, Jumatatu, 11 Oktoba 1976

Mvua imeanza leo, na mimi nimeanza daftari hili. Nisipowasema watu humu nitawasema barazani, na kazi itaota mbawa.

Naitwa Shamsia, mzaliwa wa Pangani. Ni mchoraji ramani wa Kikosi cha Mipaka, kilicholetwa huku kuchora vijiji vipya, vile ambavyo watu walihamishiwa miaka miwili iliyopita. Tuko wanne tu. Wapima wawili wanashinda porini na kamba zao, mimi nashinda mezani, na mkuu wetu, Ndugu Kipriani, mtu wa Songea, anashinda na redio yake. Baridi ya hapa haina adabu. Kwetu mtu anaoga apoe, hapa naoga meno yanagongana. Fomu yangu ya kuomba uhamisho wa kurudi Tanga iko mezani kwa Kipriani tangu Agosti. Anasema ataitia sahihi ramani zikiisha. Haya, tuone.

13 Oktoba

Stoo imetoa penseli za rangi nne: nyekundu, kijani, njano na kahawia. Niliomba saba. Mtunza stoo ameniuliza kama nafungua duka.

18 Oktoba

Leo Kipriani ameingia ofisini kalowa chapachapa, gazeti la Kizungu kalificha ndani ya shati lisilowe. Kapewa na padri mmoja. Hata salamu hakutoa.

"Ndugu Shamsia, acha kulilia penseli! Nne zinatosha. Imethibitishwa!"

Nikamwambia akae kwanza akaushe kichwa. Hakukaa. Alinieleza amesimama, maji yanachuruzika sakafuni, na naandika hapa nilivyoelewa.

Mwaka 1852 kijana mmoja Mwingereza alikuwa akipaka rangi ramani ya majimbo ya kwao. Hakutaka majirani wawili wafanane rangi. Akaona rangi nne zinamtosha kila mahali, akauliza: je, ni hivyo kwa ramani yoyote, hata ya kubuni, hata yenye nchi elfu? Swali la mtoto, ukilisikia. Mabingwa wa hesabu wamelihangaikia miaka mia moja na ishirini na nne. Mmoja alidai amepata jibu, akapigiwa makofi, na baada ya miaka kumi na moja mwenzake akaona tundu katika hoja yake. Rangi tatu zinashindwa upesi, hilo hata mimi nililiona: chora vijiji vitatu vinavyogusana, weka cha nne katikati yao, tayari umekwama. Rangi tano zilithibitishwa zamani kuwa zinatosha. Nne ndizo zilizobaki zinawacheka watu.

Basi mwaka huu maprofesa wawili wa Marekani wamemaliza. Kwanza walionyesha kuwa ramani yoyote ile, uichore upendavyo, haikosi ndani yake angalau kipande kimoja kati ya vipande karibu elfu mbili walivyoviorodhesha. Kisha wakaipa kompyuta kazi ya kupekua vipande hivyo, kimoja baada ya kingine, kuona kama kuna kinacholazimisha rangi ya tano. Mashine ilihesabu zaidi ya saa elfu moja. Haikukuta hata kimoja.

"Na nani amekagua hesabu ya mashine?" nikauliza.

"Mashine nyingine."

"Mtu je?"

"Mtu atazeeka hajafika nusu."

"Kwa hiyo mashine imeiambia mashine, na sisi huku Kibondo tunapiga makofi."

Alicheka mpaka akakohoa. Sijawahi kumwona amefurahi hivi. Lakini mimi si mtu wa kuambiwa tu. Mchana kutwa nimechora ramani za ukaidi, vijiji vimeviringana kama utumbo wa mbuzi, nipate moja tu ya kumuumbua. Saa tisa nikadhani nimempata. Nikarudi nyuma, nikabadilisha rangi mbili, ramani ikakubali! Nilikasirika, na wallahi nilifurahi pia. Kitu kimegunduliwa mwaka huu huu, na mimi nimekigusa kwa mkono wangu.

25 Oktoba

Kipriani ameandika taarifa mkoani: kuanzia sasa Kikosi kinatumia rangi nne tu, kwa mujibu wa sayansi ya kisasa. Nimeipiga chapa mimi. "Sayansi ya kisasa" kaipigia mstari mara mbili.

4 Novemba

Nimepaka vijiji vitano vya upande wa Murungu. Nyarubira iko katikati kama kitovu. Imezungukwa na vitatu, Rusambya, Gatare na Buhanza, na vitatu hivyo vinagusana vyenyewe kwa vyenyewe. Hapo rangi zote nne zimekwisha: nyekundu, kijani, njano, na kahawia ya Nyarubira. Cha tano ni Mukivumu. Kimelala chini kando ya barabara, kirefu, kinawagusa wale watatu wa pembeni, Nyarubira hakiigusi. Kwa hiyo nacho nimekipa kahawia. Rangi nne, safi kabisa, hakuna jirani anayefanana na jirani. Kipriani kaining'iniza ramani ukutani nje, kila apitaye aone.

Kulikuwa na kamstari ka nukta nukta ndani ya Nyarubira, wapima wamekaandika "kilima, M." Nilikuwa na haraka ya chakula cha mchana. Kahawia imekapita juu.

12 Novemba

Paa limevuja. Tone limekiangukia kijiji cha Kitahana kwenye ramani. Nimesogeza meza.

15 Novemba

Mvua. Maharage ya bila nazi kwa siku ya tisa.

22 Novemba

Leo nimeaibika, na naandika ili nisijidanganye baadaye.

Saa tatu asubuhi wameingia wanawake watatu, matope mpaka magotini. Wametembea kutoka Mukivumu. Aliyetangulia ni mama wa miaka hamsini hivi, mfupi, kabeba mwavuli uliovunjika mbavu. Anaitwa Ernesta, mjumbe wa kamati ya kijiji chao. Alinisalimu, "Mwakeye," nami nikaitikia ovyo maana Kiha changu ni cha kuazima.

"Wewe ndiye mwenye kupaka?" akaniuliza.

Nikasema ndimi.

"Ile kahawia ya ukutani, umeweka wewe?"

Ndiyo.

"Basi umetupakia njaa, mwanangu."

Hakupaza sauti. Angepaza ningejua la kumjibu, maana kelele ninaziweza. Alieleza polepole. Wakati wa kuhamishwa, watu wa mlimani walishushwa barabarani, ndio wakawa Mukivumu. Mlima wenyewe ukaingia ndani ya eneo la Nyarubira. Lakini juu ya mlima kuna migomba yao, kahawa yao na makaburi yao. Wao wanaita itongo, ardhi ya asili ya ukoo. Huku barabarani udongo ni changarawe, muhogo walioupanda bado vidole. Kwa hiyo wamekaa barabarani kama walivyoagizwa, na kila siku wanapanda kilimani kula. Vijiji viwili vilikubaliana hivyo, hakuna aliyegombana na mtu.

Mpaka juma lililopita. Anatoli, katibu wa kijiji cha Nyarubira, alikuja mjini akaiona ramani yangu. Karudi kwao kawaambia watu: kilima ni kahawia, Nyarubira ni kahawia, serikali imekwisha sema. Kaweka vijana njiani. Wanawake wa Mukivumu wanateremshwa mikungu ya ndizi kichwani, inabaki huko huko.

"Lakini na Mukivumu ni kahawia," nikasema. Lo, akili yangu!

Ernesta alinitazama. "Ego, ndiyo. Sisi wa chini ni kahawia. Yeye ni kahawia. Kilima ni kahawia. Sasa kahawia ya kilima ni ya nani?"

Nilikwenda ukutani nikatafuta kale kamstari ka nukta nukta. Hakaonekani. Nimekizamisha kilima cha watu kwa penseli ya senti hamsini, nikaenda kula.

23 Novemba

Nimeitoa ramani ukutani bila kuuliza. Kipriani kaninunia.

2 Desemba

Idd ya kuchinja. Tumesali Waislamu kumi na saba, wengi wetu wa kuletwa na kazi. Muuguzi wa Kilwa kapika pilau. Nimekula na kulia kidogo, pilipili nikaisingizia.

6 Desemba

Nimekwenda mwenyewe kukiona kilima. Mpima alinipakia kwenye Landrova hadi gari lilipozama, kilichobaki nikatembea na Ernesta. Alitembea mbele, mimi nyuma nateleza kama mlevi, naye hakucheka ila mara mbili.

Kipo. Sijui nilitegemea nini, lakini kipo, kikubwa, migomba imekolea kijani mpaka nyeusi, na mikungu mingine imeiva mitini, ndege wanaila. Hilo lilimuuma kuliko yote. Alisimama akahesabu kwa mdomo bila sauti.

Mpaka wa kilima umepandwa miti pande zote, mstari ulionyooka kuliko baadhi ya mistari ya wapima wetu. Nikauliza nani kapanda. Ernesta akanipeleka upande wa Nyarubira, kwa mzee Hatungimana. Huyu alikimbia Burundi miaka mingi iliyopita, akapewa shamba hapo chini ya kilima, sasa ana wajukuu. Alinikaribisha, lakini macho yalikuwa njiani muda wote, kama Anatoli atatokea.

Alisema mwaka ule wa kuhama, wazee wa vijiji viwili walikaa hapo hapo uani kwake. Mukivumu wakaleta chungu cha pombe ya ndizi za kilimani. Wakainama wawili wawili, mmoja wa huku na mmoja wa kule, kila mmoja na mrija wake, chungu kimoja. Kwao jambo likishanyweka hivyo limekwisha, hakuna anayelirudia. Kisha wakapanda ile miti pamoja.

"Na wewe ulikunywa?"

"Nilikunywa."

"Utasema hivyo mbele ya watu?"

Akatazama njiani tena. "Mama, mimi hapa nilipokelewa. Mtu aliyepokelewa anasema kidogo."

Sikumlaumu. Nilirudi na hasira yangu, tena nyingi, na zaidi nilijikasirikia mwenyewe. Miezi minne nimekaa Kibondo nikiwaita watu hawa wa porini. Hawa wanajua mpaka wao uko wapi kwa mti, kwa chungu, kwa jina la aliyekunywa. Mimi mwenye cheti cha Dar es Salaam ndiye niliyekosea.

7 Desemba

Nimekaa na penseli zangu nne tangu asubuhi, nikitafuta njia ya kukipa kilima haki yake bila kumvunjia Kipriani sayansi yake. Rusambya, Gatare, Buhanza na Nyarubira, kila mmoja anapakana na kila mmoja. Rangi nne zimekwenda. Mukivumu ya chini inawagusa watatu, kwa hiyo imebaki kahawia peke yake. Lakini Mukivumu ya juu, kilima, imezungukwa na Nyarubira, ambayo ndiyo kahawia. Kijiji ni kimoja, rangi yake lazima iwe moja. Hakuna kahawia, hakuna nyekundu, hakuna kitu. Nimebadilisha kwa kila namna. Inadai ya tano.

Je, ile mashine ya saa elfu moja imekosea, na aliyeligundua kosa ni Shamsia wa Pangani?

8 Desemba

Haikukosea. Nimeazima gazeti la Kipriani na kamusi, nimelisoma neno kwa neno. Kuna sentensi moja imekaa katikati, ndogo, haina makuu: kila nchi iwe kipande kimoja. Basi! Ahadi ya rangi nne ni kwa nchi isiyokatika. Nchi yenye kipande huku na kipande kule haimo katika ahadi hiyo. Maprofesa walisema kweli tupu. Wao hawakuwahi kuhamishwa.

Nikamwendea Kipriani mbio na sentensi yangu. Akasoma, akalikunja gazeti.

"Hicho kilima ni kasoro ya uwanjani. Turekebishe uwanja."

"Uwanja una makaburi, Ndugu."

"Nimekwisha andika mkoani kwamba nne zinatosha. Unataka nionekane sikuelewa nilichosoma?"

Ndicho hasa, lakini nilimeza. Akasema, haya, kilima kiache cheupe. Nikamwambia mambo mawili. Kwanza, nyeupe nayo ni rangi, ukiihesabu ni ya tano. Pili, katika ramani zetu nyeupe ni ardhi isiyo na mwenyewe. Nitawapaka watu rangi ya kutokuwepo? Ng'o! Sithubutu.

Akaongeza sauti ya redio.

20 Desemba

Ernesta katuma salamu na dereva. Sasa Anatoli anavuna kahawa ya kilimani "kwa niaba ya kijiji". Mukivumu wanakula mara moja kwa siku. Muhogo bado.

25 Desemba

Krismasi ya wenzetu. Mvua kutwa. Nyarubira nasikia wamekula ndizi.

10 Januari 1977

Kamati ya wilaya itakutana tarehe 27 kupitisha mipaka. Ikishapita na kugongwa muhuri, kuja kuifungua tena ni kazi ya miaka. Kipriani kaniita, kanikaribisha kiti, kanimiminia chai mwenyewe. Nikajua kuna jambo. Akatoa fomu yangu ya uhamisho. Imetiwa sahihi! Tanga. Mwezi wa tatu.

"Nikabidhi ramani ya rangi nne, nikukabidhi hii. Uende ukamwone mama."

Mama yangu amenililia katika barua tatu. Nimeishika ile fomu. Nilisoma jina langu, nikasoma "Tanga", nikasikia harufu ya samaki wa kukaanga pale sokoni kwetu, wallahi niliisikia. Kisha nikaiweka juu ya redio yake nikatoka. Chai sikuimaliza. Nimelia chooni, ambako hakuna wa kuniuliza, na sasa nimemaliza.

12 Januari

Nimefanya. Penseli hufutika, kwa hiyo nimechukua wino mweusi wa kuchorea, ule usiotoka. Mukivumu yote, ya chini na ya juu, nimeifuta kahawia nikaichora mistari ya mshazari, mstari kwa mstari, kwa rula. Kilima sasa kimekaa ndani ya Nyarubira kinaonekana kutoka mlangoni. Pembeni, penye kisanduku cha maelezo, nimeandika: *Rangi tano.*

13 Januari

Kipriani kaja na wembe. Wino wa namna ile hufutwa kwa kukwangua karatasi, na karatasi hubaki na kovu.

Nikamwambia, "Kwangua. Lakini palipoandikwa 'Imechorwa na', kwangua na jina langu pia, uweke lako. Halafu uende Mukivumu ukawaeleze wewe."

"Unajua naweza kukuandikia barua ya utovu wa nidhamu?"

"Andika. Ukimaliza nitaipiga chapa mimi, maana mwingine ofisini hayupo."

Alisimama na wembe. Mwishoni akasema kamati itaamua, na akaurudisha wembe kwenye karatasi yake ya kufungia, taratibu, akaikunja vizuri. Barua ya nidhamu haijaja bado.

20 Januari

Mvua. Hatusemezani. Anaacha gazeti lake mezani limefunguka kwenye ukurasa ule ule.

27 Januari

Nitaandika yote, hata kalamu ikiisha.

Ukumbi ulijaa. Wajumbe mbele, wanavijiji nyuma, nguo mbichi zinatoa mvuke. Mwenyekiti wa kamati ni mtu mzima asiyependa maneno mengi. Kipriani alianza. Alieleza maprofesa, mashine, saa elfu moja, akasema mchoraji wake ametia rangi ya tano kinyume na sayansi, na kwamba kilima kwa uchoraji sahihi ni cha Nyarubira. Anatoli akapiga makofi kabla ya wakati.

Mwenyekiti akanigeukia. "Ndugu Shamsia, wewe unabishana na kompyuta?"

"Hapana, Ndugu Mwenyekiti. Kompyuta imesema kweli. Naomba nionyeshe kwa watu, si kwa maneno."

Nikaweka zile penseli nne mezani. Nikaomba mtu mmoja kutoka kila kijiji. Sharti ni moja: mnaopakana msishike rangi moja. Rusambya akachukua nyekundu. Gatare akatazama, akaona anapakana naye, akachukua kijani. Buhanza akachukua njano. Anatoli, anayepakana na wote watatu, akachukua kahawia akaiweka mfukoni kabisa.

Akabaki Mama Ernesta, mikono mitupu. Akamwendea Rusambya. "Tunapakana kijitoni, mama," akaambiwa. Gatare vivyo hivyo. Buhanza vivyo hivyo. Mezani hakuna kitu. Kipriani akasema kwa utulivu, "Mukivumu na Nyarubira hawapakani. Ashike kahawia pamoja na Katibu. Nne zinatosha."

Ernesta akanitazama. Kwa maneno hayo kilima kilikuwa kinakwenda. Lakini yeye hakubisha hata neno. Alimwendea Anatoli, akatia mkono mfukoni mwake, akaikamata ile penseli.

"Lete hapa!" Anatoli akaruka. "Hii ya Nyarubira!"

"Bwana mkuu amesema tushike wote," Ernesta akasema, hakuiachia. "Hatupakani. Rangi yako ni yangu."

"Oya! Hatupakani vipi? Kila siku mlikuwa mkivuka mpaka na mikungu yenu, mkipita mbele ya nyumba yangu!"

Ukumbi ulicheka, yeye hakuelewa wanacheka nini. Mwenyekiti hakucheka. Akainama mbele.

"Walikuwa wakivuka mpaka gani, Katibu?"

"Ule... ule wa kilimani. Penye miti."

"Kumbe kuna mpaka penye miti?"

Ndipo nyuma kabisa akasimama mzee Hatungimana, kofia mkononi. "Upo, Mwenyekiti. Miti ile nilipanda na mikono hii, mimi na wao. Na chungu nilikunywa." Akaketi haraka, kana kwamba kaiba kitu.

Mvua ilisikika batini. Kisha Kipriani akasimama, na nikasema moyoni, sasa ananimaliza. Akatoa gazeti, lile lile, likiwa limechakaa mikunjo. Akasoma sentensi ndogo kwa Kiingereza, akaitafsiri yeye mwenyewe kwa sauti ya kukauka: "Kila nchi iwe kipande kimoja." Akasema, "Hii niliisoma mwezi wa kumi. Nikaipita, kwa sababu nilikuwa na furaha. Rangi nne zinatosha kwa vijiji vyenye kipande kimoja. Mukivumu ina vipande viwili. Mchoraji wangu yuko sawa, mimi nilikosea."

Kamati ikapitisha ramani ya rangi tano. Anatoli kaagizwa kuondoa vijana njiani leo leo, na kahawa aliyovuna airudishe. Ernesta bado alikuwa kashika penseli ya kahawia. Alinirudishia, akanishika kiganja, akasema mama yangu wa Tanga amezaa mtu mkaidi. Nikamwambia hajamwona mama mwenyewe.

Nje, chini ya upenu, Kipriani alisimama kando yangu kungoja mvua ipungue. Akasema, bila kunitazama, "Nina miaka hamsini na mbili. Nilitaka mara moja tu nijue jambo jipya likiwa bado jipya."

Nilitaka kumcheka, nikashindwa. "Umelijua," nikasema. "Na mimi nimelijua kwako." Ni kweli, na nilipenda kumwambia.

31 Januari

Ernesta kaleta mkungu. Siwezi kuula peke yangu, nimegawa nusu kwa Kipriani, akaniandikia risiti kwa mzaha.

9 Februari

Ile fomu ya Tanga imerudi mezani kwangu, na sahihi yake, bila masharti. Nimeiweka kwenye droo. Bado kuna vijiji kumi na vinne vya upande wa Kumsenga, na wapima wanasema katika vitatu kati ya hivyo watu wanalima kwingine na kulala kwingine. Mama nimemwandikia kuwa nitachelewa.

24 Februari

Barua kutoka mkoani. Ramani zote tulizopeleka zimekubaliwa, isipokuwa moja. Wanakumbusha taarifa yetu ya Oktoba, kwamba sayansi ya kisasa imethibitisha rangi nne zinatosha. Wanataka maelezo ya maandishi, upesi, kwa nini Kikosi kimetumia rangi ya tano, au ramani irudishwe ikachorwe upya.

Kipriani alinisogezea karatasi. "Jibu wewe. Mimi nitarefusha."

Niliandika jibu mara tatu. La kwanza lilikuwa kurasa mbili, lenye maprofesa na mashine na Uingereza. La pili ukurasa mmoja. La tatu ndilo nililolipiga chapa, na lilikuwa hivi:

*Ndugu, rangi nne zingetosha kama watu wa Mukivumu wangeachwa mahali pamoja. Ramani hairudi.*

Kipriani akaisoma mara mbili. Akaazima kalamu yangu, akatia sahihi chini ya yangu.